Mzee amerudisha chupa: "Divai hii mmeitia kasiksi!"

Depo_Kampemba

Ndugu zangu, jambo yenu.

Nina depo ndogo ya vinywaji hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Kodi ya nyumba inalipwa na bia, lakini ukutani nimeweka rafu moja ya divai za Afrika Kusini, zile zinazopanda na malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Ijumaa iliyopita mzee mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, mtu wa Bukavu aliyekuja huku kijana na kustaafu kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, alichukua chupa nyekundu kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu. Jumapili jioni akairudisha ikiwa nusu. Akaiweka juu ya meza mbele ya wateja wote: "Mwanangu, kasiksi ninaijua tangu sijaota ndevu. Divai hii mmeitia kasiksi."

Kwa wasiotoka Kivu: kasiksi ni pombe ya ndizi.

Nikanusa. Ndizi ipo kweli! Si ya kutafuta, inakupokea mlangoni. Nikageuza chupa nimsomee karatasi ya nyuma, nikidhani najiokoa: zabibu za aina tatu, Pinotage asilimia 45, Cabernet Sauvignon 35, Merlot 20. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mzee akawageukia wenzake: "Si mnasikia? Wameandika wenyewe kwamba wamechanganya." Depo nzima ikacheka. Nikamrudishia pesa yake.

Usiku sikulala vizuri. Nimepitia rafu yote, na karibu nusu ya chupa ni za namna hiyo: zabibu ya kwao, Pinotage, pamoja na mbili tatu za Ufaransa. Ndizi inatoka wapi? Na kama zabibu yao ni nzuri, kwa nini wanaitilia ya wageni? Au wanaficha ubovu? Nisaidieni kabla mzee hajarudi, maana anarudi kila Ijumaa.

Mwana_Kamalondo

Shi ni weye mwenyewe njo ulikosa! Mutu wa huku ukimwambia "bamechanganya", anasikia paka lutuku, ile pombe kali ya kwetu, na mayi ya robinet. Ungesema ingine neno.

Kifransa iko na maneno mbili: assemblage na coupage. Ya kwanza banaisema bamevaa kravati, ya pili banaisema na sauti ya chini. Siye tuko na paka moya: kuchanganya. Mayi ndani ya bia, kuchanganya. Mafuta ya gari na ya taa, kuchanganya. Sasa divai ya dola mingi nayo, kuchanganya. Mzee haiko na makosa.

Kemia_Kasapa

Nafundisha kemia, kwa hiyo nichukue la ndizi tu, mengine niwaachie wanywaji.

Mzee ana pua safi. Ile harufu inatoka kwenye kitu kinachoitwa isoamili asetati. Ndizi mbivu inacho. Lakini hamira nayo inakitengeneza yenyewe inapogeuza sukari kuwa pombe, iwe sukari hiyo imetoka kwenye ndizi, shayiri au zabibu. Kuna bia za ngano za Ujerumani zinazonuka ndizi wazi na hakuna ndizi iliyopita karibu na kiwanda. Sasa katika zabibu nyekundu, Pinotage ndiyo inayojulikana zaidi kwa tabia hiyo. Aina ya hamira na joto la pipa wakati wa kuchacha vinaweza kuizidisha au kuipunguza. Divai ikiwa changa harufu inakuwa kubwa, ikikaa chupani inafifia polepole.

Kwa hiyo alichonusa mzee na alichonusa utotoni kule Bukavu ni molekuli ileile. Hakukosea harufu. Alikosea mshitakiwa.

Muana_Kadutu

Aksanti Kemia. Mimi niko Bukavu, na leo ndiyo mara ya kwanza naona kasiksi inatetewa na profesa. Nitamsomea shangazi yangu anayeikamua.

Yaya_wa_Cape

Mdogo wangu wa depo, pole. Mimi ni mtoto wa Katuba, miaka 11 sasa niko Cape, Afrika Kusini, na kila mavuno nafanya kazi kwenye ghala la divai karibu na Stellenbosch. Nilianza kwa kuosha mapipa, sasa naruhusiwa kusimama kwenye meza ya kupimia. Acha nikueleze nilichokiona kwa macho.

Kwanza hiyo "zabibu ya kwao". Pinotage ilizaliwa hapahapa Stellenbosch mwaka 1925. Profesa Abraham Izak Perold alichukua chavua ya mzabibu mmoja akaitia kwenye ua la mwingine: Pinot Noir na Cinsaut. Enzi hizo Cinsaut huku waliiita Hermitage, ndiyo maana jina likawa Pino-tage. Wazazi wote wawili ni Wafaransa! Mtoto alizaliwa Afrika, akapewa jina huku, akakulia huku. Chupa za kwanza kuandikwa jina lake zilikuwa za mavuno ya 1959, zikauzwa 1961. Kwa hiyo anayesema wanachanganya "mwenyeji na mgeni" aelewe kwamba mwenyeji mwenyewe ni mtoto wa wageni.

Pili, namna yenyewe. Watu wanafikiri mtu anamimina hiki juu ya kile kama anayetengeneza sharubati. Hapana. Pinotage inaiva mapema, tunaanza kuikata jua la Januari na Februari. Cabernet inachelewa, inakuja wiki kadhaa baadaye. Kila moja ina tangi lake, inachacha peke yake, inalala kwenye mapipa yake miezi. Mwisho unafika siku ya meza. Glasi zimepangwa, mtengenezaji ana silinda ya kipimo ya mililita mia moja na daftari. Sitini ya hii, thelathini ya ile, kumi ya ile nyingine. Tunaonja, tunatema, anaandika. Hamsini, arobaini, kumi. Tunaonja tena. Nimewahi kuona asubuhi nzima ikipotea kwa ajili ya asilimia tano ya Merlot, na nilipoonja nikaona kweli ile tano ilikuwa inafanya kazi.

Kila zabibu inakuja na chake. Pinotage inaleta matunda mengi na rangi, na ndizi yake ukiiachia. Cabernet inaleta ukakasi, ule wa ganda la ndizi mbichi unaokaza ulimi, na huo ukakasi ndio unaoifanya divai ivumilie miaka. Merlot inajaza katikati ya mdomo pale ambapo Cabernet huacha tundu. Huku mchanganyo wa namna hiyo wanauita Cape Blend. Sheria haijauwekea kipimo, lakini kwa mazoea Pinotage inakuwa kati ya asilimia 30 na 70. Chupa yako ya 45 iko palepale.

Kuhusu kuficha ubovu: divai iliyoanza kuwa siki ukiitia kwenye nzuri, umepata siki nyingi zaidi. Kasoro ndogo, kama rangi haba au uchachu uliozidi, hiyo ndiyo inayosaidiwa na mwenzake. Sitakudanganya kwamba biashara haimo. Mnunuzi wa mbali hajui Pinotage, Cabernet anaijua. Jina hilo likiwa kwenye karatasi chupa inatembea.

Na hili mwambie mzee kwa upole: Afrika Kusini, chupa ikiandikwa jina la zabibu moja tu, sheria inataka asilimia 85 iwe zabibu hiyo. Zilizobaki 15 zinaweza kuwa zabibu nyingine. Ulaya ni hivyohivyo. Marekani ni 75.

Depo_Kampemba

Yaya, umenimaliza. Mzee siku zote anachukua "Cabernet safi" ndiyo maana nilipompa hii alishtuka. Kumbe miaka yote huenda amekuwa akinywa mchanganyiko ambao haukumwambia, na leo amemkasirikia aliyesema ukweli!

Mwana_Kamalondo

Njo maisha hiyo. Mwenye anaandika njo anafungwa.

Katekista_Katuba

Samahani niingie na la kanisani, maana watu wa parokia wananiuliza swali hilihili. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inasema divai ya misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Haisemi zabibu ya aina moja. Ikiwa ni zabibu tatu, bado ni tunda la mzabibu. Ikiwa ni ndizi, hapo hakuna misa.

Na tukumbuke padri mwenyewe altareni anatia tone la maji kwenye kikombe. Tone tu, jamani, msinielewe vibaya.

Divai_Safi

Naona mmekubaliana haraka mno. Mimi nimesoma Italia na niko upande wa mzee, ingawa kwa sababu nyingine.

Cabernet ni kama rangi nyeusi ya mafuta. Tia kidogo kwenye ndoo ya rangi yoyote, baada ya muda ndoo zote mjini zinafanana. Nenda Chile, nenda Bulgaria, nenda China, utaonja uleule. Zabibu ya mahali inabeba kitu ambacho huwezi kukipata pengine, halafu mtu anaifunika kwa sababu mnunuzi wa London anajua jina moja. Ndiyo maana divai ya Barolo kule Italia ni zabibu ya Nebbiolo asilimia mia, basi. Naoussa kule Ugiriki ni Xinomavro asilimia mia, zabibu chachu, kali, yenye rangi haba, na hawakuiomba radhi. Wakulima wa divai ya Chianti Classico, mkoa wa Toscana, Italia, mwaka 2021 walipiga kura kwamba daraja lao la juu kabisa, Gran Selezione, liwe zabibu ya kwao Sangiovese asilimia 90, na zile 10 zinazobaki ziwe zabibu za kienyeji tu. Cabernet na Merlot nje. Watu walioruhusu wageni kwa miaka mingi wanafunga mlango. Jiulizeni kwa nini.

Halafu mnaisahau historia ya neno lenyewe. Kabla ya uhuru wa 1962, Algeria ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa divai duniani, na sehemu kubwa ilivuka bahari kwenda kutia rangi na nguvu divai nyepesi za kusini mwa Ufaransa. Chupa ikauzwa kwa jina la Kifaransa. Mkulima wa Oran, kule Algeria, hakutajwa popote. Hiyo ndiyo coupage. Mzee wa Kampemba ana haki ya kuwa na wasiwasi, babu zetu waliona mambo ya namna hiyo kwenye vitu vingi zaidi ya divai.

Yaya_wa_Cape

Kaka, la Algeria sikupingi hata nukta. Lakini hukumu yako inaanguka kwenye neno moja: hawakutajwa. Kosa lilikuwa kuficha. Chupa ya depo imeandika zote tatu na asilimia zake.

Na Toscana umeisimulia nusu. Kanuni za Chianti za zamani zilimlazimisha mtu atie zabibu nyeupe kwenye nyekundu. Nyeupe za kienyeji, za palepale! Matokeo yakawa divai nyingi nyembamba kama chai ya mara ya tatu. Familia ya Antinori ikatoa divai ya Tignanello, mavuno ya 1971, na kufikia 1975 walikuwa wameacha zabibu nyeupe kabisa na kuingiza Cabernet kidogo pembeni ya Sangiovese. Kwa kuwa walivunja kanuni, walilazimika kuiandika "divai ya mezani", daraja la chini kabisa, huku watu wakipigania kuinunua. Mwishowe kanuni ndizo zilizobadilika: Chianti Classico sasa inataka Sangiovese isiyopungua asilimia 80, na nyeupe zimekatazwa tangu 2006.

Kwa hiyo uenyeji peke yake haukuiokoa ile divai. Mgeni alikuja, akasaidia nyumba isimame, na sasa wenye nyumba wana nguvu ya kumwambia ahsante, tutaendelea wenyewe. Hilo la 2021 mimi naliona hivyo.

Divai_Safi

Kidogo pembeni, sawa. Tignanello Sangiovese ni kama asilimia 80, ukionja unajua uko Toscana. Chupa ya depo Pinotage ni 45, yaani mwenyeji hana hata nusu ya nyumba yake.

Yaya_wa_Cape

Na bado mzee aliisikia kwa pua akiwa mlangoni.

Divai_Safi

Hapo umenipata.

Mama_Bukari

Mimi sinywi divai, lakini kuchanganya ninakujua kuliko ninyi wote. Bukari, yaani ugali, ya mahindi peke yake inavunjika mkononi ikipoa. Ya muhogo peke yake inavutika kama gundi. Jikoni kwangu ninapima bakuli tatu za mahindi kwa moja ya muhogo, wageni wa Kasai ninawaongezea muhogo. Hakuna aliyewahi kunirudishia sahani akisema nimemuibia.

Ila duka likiniuzia unga wa mahindi "safi" halafu nikaukuta na muhogo ndani, hapo tutafika kwa mkubwa wa mtaa. Nafikiri ndicho anachosema huyu dada wa Cape.

Kemia_Kasapa

Mama, na usisahau kwamba mahindi na muhogo vyote viwili vilivuka bahari kutoka Amerika. Bukari yetu "ya asili" ni mgeni aliyeoa mgeni.

Mama_Bukari

Usinichafulie chakula, mwalimu.

Mkulima_Hombolo

Wakuu, salamu kutoka Dodoma. Nimefurahi kuona ndugu zetu wa Kongo wanajadili zabibu, maana huku watu wengi wanafikiri mvinyo ni wa Wazungu wakati sisi tumeishi nao tangu wamisionari wa Bihawana walipopanda miche miaka ya 1950.

Zabibu tunayoiita ya kwetu ni Makutupora, nyekundu, jina la mahali palipo na kituo cha utafiti. Mzabibu wa mvinyo asili yake si Afrika hii yetu, kwa hiyo "ya kwetu" maana yake imezoea jua letu na udongo wetu mwekundu, na mkulima asiye na hela ya dawa nyingi anaweza kuilea. Pembeni yake tunalima Syrah nyekundu na Chenin blanc nyeupe. Kuna kiwanda cha Hombolo kilicholeta hata zabibu za kaskazini mwa Italia, Teroldego na Marzemino.

Kitu ambacho watu wa Ulaya hawakiamini ni kwamba tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu hivi na mwezi wa tisa. Hatuna baridi ya kuulaza mti, kwa hiyo sisi ndio tunaoulaza kwa mkasi: unapogoa, unachipua, baada ya kama miezi minne unakata vichala. Sasa fikiria kuchanganya katika hali hiyo. Yaya kasema Cape wanasubiri zabibu iliyochelewa. Huku ukitaka Makutupora na Syrah zifike kiwandani wiki moja, unapanga siku ya kupogoa. Na zabibu ikiiva haikusubiri. Mnunuzi akichelewa unaikamua mwenyewe uuze mchuzi wa zabibu kwa bei ya anayekuja. Nimefanya hivyo misimu miwili na sitaki kuikumbuka. Mchuzi ukishaingia kwenye tangi la mtu mwingine, nani atajua ulikuwa wa nani au wa zabibu gani? Divai_Safi kataja Oran, mimi nimekaa kimya kidogo nilipoisoma.

Mkuu wa depo, ukipata chupa yetu ilinganishe na hiyo ya Cape. Nyingi za bei ya chini ni tamu, usishangae.

Mwana_Birere

Goma hapa. Swali la kijinga: nimesikia divai nzuri zinatoka kwenye milima ya volkeno. Sisi lava tunayo ya kugawa, ya 2002 bado imelala katikati ya mji, ya 2021 imeongezea upande wa kaskazini. Kwa nini Goma hatuna hata shina moja?

Divai_Safi

Si la kijinga. Kwenye mlima Etna, Sicilia, wanalima Nerello Mascalese juu ya majivu, na hapo napenda sheria yao: nyekundu ya Etna iwe na Nerello Mascalese isiyopungua asilimia 80. Kisiwa cha Lanzarote, volkeno ililipuka kuanzia 1730 hadi 1736 ikafunika mashamba. Wakulima wakachimba mashimo kwenye majivu mpaka wakaufikia udongo wa zamani, kila shimo shina moja, na kaukuta ka mawe ya lava kuzuia upepo. Mpaka leo wanavuna Malvasía humo.

Kemia_Kasapa

Lakini Lanzarote ni jangwa. Mvua wanayopata mwaka mzima, Goma mnaweza kuipata mwezi mmoja tu. Mzabibu hauchukii lava, unachukia majani yanayolala yameloa. Ukungu unaanza kwenye jani, unapanda kwenye kichala, wiki mbili zabibu zimekuwa unga wa kijivu.

Dawa yake ya zamani itawafurahisha watu wa Lubumbashi: salfeti ya shaba na chokaa, bouillie bordelaise, aliyoieneza Millardet kule Bordeaux mwaka 1885. Mashamba makubwa ya Ufaransa yalikuwa ya buluu kwa shaba. Sasa hiyo Cabernet mnayoiita mgeni imekuwa ikivaa shati la Katanga zaidi ya miaka mia.

Mwana_Kamalondo

Aaah! Basi batulipe.

Mwana_Birere

Sawa, nimeelewa, nitabaki na kahawa. Ila kwa majirani wa parokia hapa kuna mzabibu umepanda juu ya paa la gereji, unazaa vichala vidogo vyeusi, vinanuka kama jamu ya stroberi. Watoto wanavimaliza kabla havijaiva.

Mkulima_Hombolo

Hiyo harufu inanipeleka kwenye Isabella, mzabibu wenye damu ya Amerika. Unavumilia mvua na ukungu, ndiyo maana umesambaa nchi za joto mpaka Réunion. Kula zabibu zake bila wasiwasi, lakini Ulaya hawaruhusu kuuza divai yake. Kwa Lubumbashi mambo ni tofauti na Goma: nyinyi mna kiangazi kirefu, kuanzia Mei mpaka Oktoba, usiku wa Juni una baridi. Mtu mwenye kisima na mkasi angepogoa mvua zinapoisha, zabibu zikaivia ukavuni. Sijasema ni rahisi. Nasema ningepewa nusu heka ningejaribu, Makutupora mistari kumi na Syrah miwili.

Mlokole_Ruashi

Ninyi wote mko kwenye ulevi na mnautafutia asilimia.

Katekista_Katuba

Ndugu, tumesalimia.

Depo_Kampemba

Ndugu zangu, mzee amerudi jana, Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Nawasimulia.

Nilijiandaa kama nilivyosoma kwa Yaya. Nilifungua Pinotage peke yake na Cabernet peke yake, nikanunua famasi sirinji mpya ya mililita 20, nikapanga glasi tano juu ya kreti. Mzee akaangalia sirinji akauliza kama naenda kumdunga. Nikamwambia: baba, wewe ndiwe mpimaji, mimi ni mkono tu.

Glasi ya kwanza, Pinotage tupu. Akanusa, akacheka kwa sauti: "Hii ndiyo kasiksi yenyewe!" Nikamwonyesha kwamba karatasi ina zabibu moja tu. Akasoma mara mbili, miwani kwenye paji. Ya pili, Cabernet tupu. Akanywa, akakunja uso, akasema inakaza mdomo kama dawa ya malaria ya zamani. Hii ndiyo anayoinunua kila wiki, jamani! Nikamuuliza mbona anaichukua, akasema alizoea kwa sababu bosi wake Mbelgiji alikuwa anaichukua.

Kisha nikaanza kupima. Mililita 50 kwa 50. Akanyamaza. 70 za Cabernet kwa 30 za Pinotage. Akasema hii imelala. Halafu akaninyang'anya sirinji. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, bia zao mkononi. Akavuta, akatia, akaonja, akaongeza Pinotage, akaonja tena, mdomo unachezacheza kama mtu anayetafuta jina la rafiki wa zamani. Alipotulia nikahesabu: Pinotage 75, Cabernet 25. Kumbe hakuwa na ugomvi na ndizi hata kidogo. Aliogopa tu kuibiwa.

Nilitaka nimsomee maneno yenu ya Toscana. Akanikatiza. Akasema kiwandani walikuwa wanamimina zile kusine za mashine, watu wa Tanzania nasikia wanasema bushi, na shaba nyekundu peke yake haifai, ni laini, inaliwa. Wanatia bati, sehemu kumi kwa mia, kama kumi na mbili hivi, ndipo inavumilia ekseli ikizunguka. "Ungeniambia hivyo Jumapili, nisingekuaibisha mbele ya watu."

Ameondoka na chupa mbili, moja ya kila zabibu, na sirinji yangu. Na ameagiza Jumamosi ijayo nifungue tena meza. Dada yake anafika kutoka Bukavu, na atakuja na bidoni ya kasiksi ya kweli, ili tuinuse pamoja na Pinotage tuone nani anamwiga nani.

Muana_Kadutu

Mwambie huyo mama bidoni isifungwe sana njiani, inapasuka. Nasema kwa uzoefu.

Divai_Safi

75 kwa 25. Mzee ana msimamo kuliko sisi wote humu.

Yaya_wa_Cape

Mdogo wangu, nunua sirinji nyingine. Na hiyo 75 kwa 25 uiandike kwenye daftari na tarehe, huku ndivyo tunavyofanya.

Mwana_Kamalondo

Jumamosi saa ngapi? Na chakula itakuwa?

Depo_Kampemba

Saa tisa. Bukari mnakuja nayo wenyewe.